Ratiba ya Kasiksi

Zihindula amepiga mistari kwa rula
kwenye daftari la hesabu la mjukuu:
safu nne. Rangi. Harufu. Ulimi.
Na ya mwisho, nyembamba: kichwa cha kesho yake.
Miaka thelathini na mmoja alikaa nyuma ya kioo cha benki
akihesabu pesa zisizo zake.
Amestaafu. Sasa anataka kuhesabu vikombe.

Siku sita, asema, sisi wawili, tutoke Bukavu.
Jumatatu Kabare, kwa Mama Bujiriri.
Jumanne Katana.
Jumatano tushike boti pale Birava tuvuke hadi Idjwi;
kuna mjane huko Kashara
ambaye kasiksi yake hukaa ulimini
kama jina unalokaribia kulikumbuka.
Nani kamwambia? Hasemi.
Nadhani aliyasikia kwenye foleni ya pensheni,
huko husikika mengi.

Nilimwacha apige mistari yake.
Mimi ni mtoto wa Walungu,
nilikamua ndizi kwa majani
kabla sijajua kuandika jina langu.
Nikachukua simu, nikatoka barazani.

"Jumatatu?" Mama Bujiriri alicheka hadi simu ikakwaruza.
"Jumatatu ya nani? Ndizi bado ziko mgombani.
Nikizifukia kesho, na shimo likishika moto,
siku ya nne nazitoa, nazikamua.
Mkija jioni ile mtakunywa mutobe, utamu wa watoto.
Mkija keshokutwa yake, ndiyo kasiksi.
Mkichelewa hapo, njooni na vitunguu
tutengeneze kachumbari."

Ndivyo ilivyo pombe ya kwetu.
Haina pishi la giza, haina chupa yenye vumbi
wala mwaka ulioandikwa shingoni.
Ina siku yake moja, ukiibembeleza mbili.
Haimngoji mgeni aje;
mgeni ndiye huambiwa angoje aive.

Nilimweleza. Alinyamaza
kama mtu aliyepata hesabu isiyofunga jioni.
Kisha akaomba kifutio.

Sasa daftari halina Jumatatu.
Lina mashimo.
Shimo la Kabare: limefunikwa jana, majani matatu juu, udongo.
Shimo la Katana: mvua imeingia, ongeza siku.
Kashara: mjane anasema mtama wa kukaanga umemwishia,
tumletee kilo mbili kutoka soko la Kadutu,
mwekundu, si ule mweupe wa kudanganyia kuku.
Hapo Jumatano palipofutwa mara tano
karatasi imetoboka,
na kupitia tundu hilo naona hesabu za mtoto:
saba mara nane, hamsini na nne. Kosa.

Usiku anageuka kitandani.
"Na zikiiva zote siku moja?"
Tutachagua.
"Na boti isipovuka?"
Tutakunywa ya ng'ambo hii.
"Na tukichelewa?"

Nikakaa kitako gizani.
Wewe, nikamwambia, umesahau ulivyokuja kwetu kuposa?
Barua yenu ilisema Ijumaa, mama akatega mtungi wa Ijumaa.
Daraja likachukuliwa na maji.
Mkafika Jumatatu, suruali matope hadi magotini,
na heshima ikakataza kuwanyima kilichotegwa kwa jina lenu.
Baba yako alionja, akakohoa, akakumbuka ana tumbo.
Wewe ulishika mrija ukavuta mpaka chini,
uso haukukunjamana,
ukauliza kama imebaki.
Mlangoni nilikuwa nimekwisha kuandaa hapana yangu.
Sijui niliiweka wapi.

"Lakini ilikuwa nzuri," asema.
Ilikuwa siki, Zihindula.
"Ilikuwa nzuri."

Asubuhi nilikuta mstari mpya juu kabisa,
juu ya Kabare, kwa kalamu ya wino, isiyofutika:
Walungu, themanini na sita.
Rangi: sikuangalia.
Harufu: matope.
Ulimi: mkali.
Na kwenye safu ile nyembamba, kichwa cha kesho yake,
ameandika: bado.